Mali bila daftari hupotea bila habari: Mazungumzo juu ya pikapu na mafuta yake

(Mazungumzo haya tuliyatoa sisi watumishi wa elimu ya watu wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na wanachama wa vikundi, huko Nyamigogo. Tunayachapa ili vikundi vingine navyo viyasome na kuyajadili.)



Leo hatukuleta chaki. Kusoma mmekwisha jua. Kuandika mmekwisha jua. Hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya mmekwisha zifanya. Swali letu la leo ni hili: elimu hiyo inatufanyia kazi gani? Tumechagua kulijibu kwa kitu kimoja ambacho kila mtu hapa anakijua. Kitu hicho ni pikapu.

Huku kwetu, kuanzia Biharamulo mpaka Ngara, pikapu si gari la starehe. Ndiyo inayobeba mahindi, maharage, mihogo na ndizi kwenda gulioni. Ndiyo inayoleta mbolea, bati na saruji. Na usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu na gari la wagonjwa liko mbali, watu humkimbilia nani? Humkimbilia mwenye pikapu. Kwa hiyo pikapu ikiharibika, haumii mwenye gari peke yake. Tunaumia wote.

Siku hizi vikundi vinajikusanya, vinaweka akiba au vinakopa, kisha vinanunua pikapu iliyokwisha tumika. Siku ya kwanza ni vigelegele. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mara nyingine tunaikuta iko juu ya mawe, haina magurudumu, na kuku wanataga ndani yake. Mkopo bado unadaiwa. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa, "Ilikuwa inakula mafuta mno." Basi leo tuzungumze juu ya huko kula mafuta. Inakula kwa nini? Na sisi tutajuaje mapema?

KWA NINI TUYAHURUMIE MAFUTA

Mafuta ya magari hayachimbwi hapa nchini. Huja kwa meli kutoka nchi za nje, yakashushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kutoka Dar es Salaam mpaka kwetu ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori, na lori lenyewe nalo linakula mafuta njiani. Gharama hiyo yote inaingia katika kila lita tunayonunua. Ndiyo maana bei ya Kagera huwa juu kuliko bei ya Dar es Salaam.

Wazee wetu waliopo hapa wanayakumbuka mambo ya zamani. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda duniani na baada ya vita vya Kagera, mafuta yalikuwa haba. Ilifika mahali watu walikatazwa kuendesha magari yao binafsi siku ya Jumapili baada ya saa 8 mchana. Hata ninyi vijana mmeyaona ya kwenu. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka, bei ya petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na kuanzia mwezi Juni mwaka huo Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Mnaona? Vita viko Ulaya, lakini nauli inapanda Nyamigogo.

Bei hiyo sisi hatuwezi kuishusha. Mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na inafaa tuisome ili tusilanguliwe. Lakini kuna jambo moja lililo mikononi mwetu. Ni kuhakikisha kwamba kila lita inayoingia katika tangi inafanya kazi yake yote.

UGOMVI WA LITA KUMI

Tuchukue mfano. Kikundi kina pikapu ya dizeli. Kila wiki inakwenda safari zile zile za gulio. Miezi ya kwanza ilitumia lita 40 kwa wiki. Sasa inatumia lita 50. Mkutano umeitishwa chini ya mwembe, na mwenyekiti anamgeukia dereva.

"Ndugu dereva, zamani lita 40, sasa lita 50. Hizo 10 zimekwenda wapi?"

"Gari inakula, mzee."

"Gari inakula, au wewe unakula?"

Hapo watu wanacheka, lakini dereva hacheki. Wengine wanasema afukuzwe. Mama mweka hazina anasema asifukuzwe kwa kuwa ni mtu mwaminifu. Ndugu zake dereva wanakasirika. Kikundi kinagawanyika pande mbili. Mwishowe dereva anafukuzwa, anachukuliwa mwingine, na wiki ya pili gari linatumia lita 52.

Je, ndugu zangu, mwizi alikuwa nani? Mwizi alikuwa chujio la hewa lililoziba kwa vumbi. Lakini hakuna aliyelishuku, kwa sababu chujio halina mdomo wa kujitetea na wala halikuandikwa mahali popote.

Mfano huu tumeutunga, lakini ugomvi wa namna hii mnaujua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa hawajaona pikapu, lakini ni kama walikuwa wanaisema. Bila daftari, dereva mwaminifu na dereva mwizi wanafanana. Bila daftari, injini nzima na injini mgonjwa zinafanana, mpaka siku injini inaponoki.

DAFTARI LA PIKAPU

Nunueni daftari moja la kawaida la shule na kalamu. Lifungeni kwa kamba ndani ya gari lisipotee. Kila mara mnapojaza mafuta, andikeni mambo matano:

1. Tarehe.
2. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi.
3. Lita zilizoingia.
4. Fedha zilizolipwa.
5. Njia na mzigo. Kwa mfano: "lami, magunia 8 ya mahindi", au "vumbi, mtupu".

Kuna sharti moja muhimu. Jazeni tangi mpaka lijae, na mara ya pili jazeni tena mpaka pale pale lilipojaa mwanzo. Msiuamini mshale wa mafuta, kwa maana mshale wa gari la zamani husema uongo. Mkijaza mpaka juu mara zote mbili, lita mnazoongeza mara ya pili ndizo hasa zilizotumika njiani.

Sasa hesabu. Tuseme mara ya kwanza kilomita zilikuwa 84,200. Mara ya pili zikawa 84,600. Tunatoa:

84,600 – 84,200 = kilomita 400.

Lita zilizoingia mara ya pili ni 40. Tunagawanya:

400 ÷ 40 = 10.

Maana yake gari linakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Hiyo ndiyo afya ya gari lenu. Iandikeni kwa wino mwekundu.

Baada ya miezi michache mnapiga tena hesabu. Kilomita ni 400 zile zile, lakini lita zimekuwa 50. 400 ÷ 50 = 8. Gari limeshuka kutoka 10 hadi 8. Lita 10 zinapotea kila wiki. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Ninyi mtaweka bei ya siku hiyo. 10 × 3,000 = shilingi 30,000 kwa wiki. Kwa mwaka wenye wiki 52 ni shilingi 1,560,000. Hizo ni fedha za marejesho ya mkopo, ndugu zangu, na zinatoka nje kama moshi!

Sasa liangalieni daftari kwa akili. Kama namba inashuka polepole, 10, kisha 9 na nusu, kisha 9, kisha 8 na nusu, itazameni injini kwanza. Ugonjwa wa injini huja taratibu. Kama namba imeanguka ghafla wiki moja kisha ikapanda, tazameni safu ya tano. Je, mzigo ulikuwa mkubwa? Je, njia ilikuwa ya matope? Je, kuna bomba linalovuja? Hayo yote yakiwa sawa, hapo sasa mna haki ya kumuuliza dereva, na dereva ana haki ya kuonyesha risiti. Daftari halina ndugu na halina adui. Linamlinda mwaminifu na linamfichua mwizi.

Mtu mmoja atasema, "Kilomita za gari letu zimekufa siku nyingi." Basi tengenezeni kebo yake kwanza, kabla ya kununua redio. Gari lisilohesabu kilomita ni kama mizani isiyo na mawe.

INJINI INAPUMUA

Sasa tuingie ndani ya injini. Msiogope. Injini ni kama mwili. Inakula, inakunywa, inapumua, inatoa jasho.

Mjerumani mmoja aitwaye Rudolf Diesel alihangaika miaka mingi kutafuta injini isiyopoteza mafuta ovyo. Mwaka 1897 injini yake ilijaribiwa, nayo ikageuza zaidi ya robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Wakati huo hilo lilikuwa jambo kubwa, maana injini za mvuke zilipoteza zaidi ya hapo. Jina lake ndilo tunalolitaja kila siku tukisema dizeli. Hata leo, pikapu nzuri kabisa hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta kama joto. Kwa hiyo tukiongeza uzembe wetu juu yake, kinachobaki ni kidogo sana.

Watu hudhani injini inakula mafuta tu. Hapana. Inakula hewa kwa wingi zaidi. Ili lita moja ya dizeli iungue vizuri, zinahitajika karibu lita 10,000 za hewa. Hizo ni sawa na mapipa makubwa 50 ya lita 200. Mapipa 50 ya hewa kwa lita moja tu! Hewa hiyo yote inapita katika chujio.

Hebu fikirini kiangazi chetu cha mwezi wa saba. Barabara ya udongo mwekundu, lori limetangulia, ninyi mko nyuma yake. Vumbi lile linalowafanya mkohoe ndilo linaloingia katika chujio. Likiziba, injini inakosa pumzi. Mafuta hayaungui yote. Dereva anakanyaga zaidi ili gari lipande kilima, na moshi mweusi unatoka nyuma. Moshi mweusi ni dizeli yenu ambayo haikuungua.

Fanyeni hivi. Wakati wa vumbi, fungueni chujio kila wiki. Kama ni la karatasi, lipulizeni kwa upepo wa polepole kutoka ndani kwenda nje, si kutoka nje kwenda ndani. Msilipige ukutani, wala msilifue kwa maji. Likiwa limetoboka au limechoka, nunueni jingine. Na kamwe msiendeshe gari bila chujio ati ili lipate nguvu. Vumbi likiingia ndani linasugua silinda kama msasa. Hapo gari litaanza kula oili, na gharama yake si ya chujio tena. Ni ya kufungua injini nzima.

OILI NI DAMU

Ndani ya injini vyuma vinasuguana mara nyingi kwa kila dakika. Kinachovitenganisha ni utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua au ikichakaa, vyuma vinagusana, vinapata moto, vinashikana. Ndiyo hiyo watu wanaiita kunoki.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, dereva avute kijiti cha oili, akifute, akirudishe, akivute tena, asome. Oili iwe katikati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, gari lisiwashwe mpaka iongezwe. Ikiwa juu ya alama ya juu, nako ni kubaya. Aandike katika daftari ni kiasi gani ameongeza. Gari linaloongezwa oili kila siku tatu linaomba fundi.

Kumwaga oili yote na kuweka mpya, pamoja na filta yake, ni kwa kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa pikapu nyingi za dizeli za zamani ni kila kilomita 5,000. Msihesabu kwa kuangalia rangi, maana oili ya dizeli huwa nyeusi mapema. Mkibadilisha kilomita zikiwa 85,000, andikeni kwa herufi kubwa: OILI TENA 90,000. Maneno matatu tu, lakini yanaokoa injini. Na oili chafu msiimwage mtoni wala karibu na kisima, kwa kuwa inaharibu maji ya watu na ya mifugo.

MAJI NA JOTO

Rejeta ndiyo inayotoa jasho la injini. Itazameni kila asubuhi injini ikiwa baridi. Tumieni maji safi pamoja na dawa ya rejeta, si maji ya tope ya bwawani. Tope linaganda ndani na kuziba njia. Gari likichemsha barabarani, simameni, zimeni, ngojeni lipoe. Mtu asifungue kifuniko likiwa la moto, maana maji yale yatamrukia usoni na kumbabua. Mkilazimisha safari, silinda hedi hupinda, na gasketi huungua.

Hapa tuseme jambo moja la magereji yetu. Gari likichemsha, mafundi wengine huitoa thamostati na kuitupa. Thamostati ni kifaa kidogo kinachozuia maji yasizunguke yote mpaka injini ipate joto lake. Ukikitupa, injini inakaa baridi muda mrefu. Injini baridi inakula mafuta zaidi na inachakaa upesi. Fundi akikwambia ameitoa, mwambie kwa heshima: "Ndugu fundi, tafuta sababu ya kuchemsha, kisha turudishie mpya."

MAFUTA MACHAFU

Mafuta ya dumu ya kando ya barabara yana bei ya kuvutia. Lakini je, mnajua yalikotoka? Mara nyingine yana maji, mara nyingine yamechanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji huo ulizidi kiasi kwamba mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Maji yakiingia katika pampu ya dizeli na nozeli, yanaleta kutu. Mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha, kwa hiyo pampu inasagika. Pampu na nozeli ni ghali kuliko faida ya dumu mia.

Nunueni katika kituo, angalieni namba za pampu zianzie sifuri, chukueni risiti, na ibandikeni katika daftari. Kama gari lina kikombe cha kutenga maji chini ya filta ya dizeli, fungueni koki yake mara kwa mara mpaka maji yatoke.

Na tukumbushane jambo zito. Katika barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo malori ya mafuta hupita kwenda nchi jirani. Lori likianguka, msikimbilie kuchota. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Hakuna lita yenye thamani hiyo.

MGUU WA DEREVA

Matairi yasiyo na upepo wa kutosha yanafanya gari liwe zito, kama mtu anayetembea kwenye mchanga. Kiasi cha upepo kimeandikwa kwenye kibao kidogo pembeni mwa mlango wa dereva. Someni, kisha pimeni matairi yakiwa baridi. Jicho halipimi upepo.

Mwendo nao unakula. Katika lami, kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ya upepo unaolipinga gari inaongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Mnawahi dakika chache tu, na mnalipa lita. Tena, gari likisimama gulioni kungoja mzigo, lizimeni. Saa moja ya kunguruma bure inaweza kula nusu lita au zaidi.

Sasa tumefika mahali ambapo tunaomba mtusikilize kwa makini. Nchi yetu hii, hasa upande wa Ngara, ni ya milima. Kuna madereva ambao wakifika kwenye mteremko wanatoa gia, wanaweka neutro, na gari linaserereka. Wengine wanazima injini kabisa. Wanasema wanaokoa mafuta.

Ndugu zangu, hesabu hiyo haiko sawa. Gari la dizeli likiwa ndani ya gia, nawe umeondoa mguu kwenye mafuta, pampu inakata dizeli. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Mafuta hayatumiki. Ukiweka neutro, pampu inalazimika kutoa mafuta tena ili injini isizimike. Kwa hiyo neutro inakula zaidi! Gari za petroli za siku hizi nazo ni hivyo hivyo. Kwa zile za zamani zenye kabureta, akiba ilikuwapo kidogo sana, lakini haikutosha kununua hata sanda.

Maana hatari yenyewe ni hii. Ndani ya gia, injini inasaidia kulishika gari. Ukiitoa, breki zinabaki peke yake. Zinapata moto, kisha zinalegea. Unakanyaga, gari halisimami. Na ukizima injini, breki zinakuwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani nao unaweza kuwa mzito. Nyuma kuna magunia, na juu ya magunia wamekaa watu, jambo ambalo halifai lakini tunaliona kila siku. Katika mteremko, teremkeni kwa gia ile ile ambayo mngeipandia mlima huo. Wanakikundi, liandikeni hilo kuwa sheria ya gari lenu. Abiria nanyi semeni, msikae kimya kwa kuogopa kushushwa njiani.

MOSHI UNASEMA

Kila mwanakikundi anaweza kuwa mkaguzi kwa kutazama moshi tu.

Moshi mweusi: hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Tazameni chujio, kisha nozeli.

Moshi wa bluu: gari linaunguza oili. Mwiteni fundi.

Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto: huenda maji yanaingia ndani, au dizeli haiungui. Simamisheni gari mapema.

Na jambo la mwisho la kusoma. Pikapu nyingi za Toyota Hilux za dizeli za zamani zina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Wakati ukifika, taa huwaka kwenye dashibodi na maandishi T-BELT. Dereva asiyejua kusoma hudhani ni taa ya mapambo. Wengine huitoa balbu isiwasumbue! Mkanda ukikatika gari likiwa mbioni, valvu zinagongana na pistoni, na injini imekwisha. Herufi tano tu, ndugu zangu. Mtu aliyehitimu kisomo anazisoma.

TUSHIKE LIPI

Mradi wa kisomo chenye manufaa ulipoanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa, pamoja na mkoa wetu ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, vitabu vya kujifunzia kusoma vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Wazazi wetu walifundishwa kusoma kwa ajili ya kazi. Kazi zimeongezeka, na pikapu imeingia kijijini. Nia ni ile ile. Anayejua kugawanya 400 kwa 40 hawezi kudanganywa na gari lake.

Tunawaomba mchague leo hii mtu wa kushika daftari la pikapu. Asiwe dereva, asiwe mwenyekiti. Dereva aandike, yeye akague kila Jumamosi na kusoma namba mbele ya wote. Kama namba imeshuka, tafuteni sababu katika injini kabla ya kutafuta mwizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali.

Tumemaliza.  Sasa mjadiliane.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pikapu imekwenda kilomita 360 kwa lita 40. Imekwenda kilomita ngapi kwa lita moja? Ikiwa mwezi uliopita ilikwenda 10, imeshuka kwa kiasi gani?

2. Oili ilibadilishwa kilomita zikiwa 87,500. Itabadilishwa tena zikiwa ngapi?

3. Kwa nini kuteremka mlima kwa neutro si akiba?

4. Je, katika kijiji chenu kuna gari, pikipiki au mashine ya kusaga isiyo na daftari? Nani ataanza kuliandika, na lini?